Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu namba tasa 2,147,483,647

Kwa nini namba hii moja ipewe ukurasa wake?

Kwa sababu ni mojawapo ya namba tasa kubwa chache ambazo mtu anaweza kuzielewa mwanzo hadi mwisho kwa kalamu na karatasi. Ina tarakimu 10. Hakuna anayeweza kuitazama tu akajua kama inagawanyika, lakini umbo lake, 2³¹ − 1, linafungua njia za mkato ambazo namba nyingi za ukubwa huo hazina. Tena ndiyo namba ambayo waandishi wa programu hukutana nayo kila siku, wengi wao bila kujua kwamba ni tasa.

Katika majibu haya nimejitahidi kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya sana: sifa zinazotokana na namba hii kuwa tasa, na sifa zinazotokana na umbo lake. Ukishaona mstari kati ya hayo mawili, maswali mengi yanajijibu yenyewe.

Nikumbusheni: namba tasa ni nini?

Ni namba nzima kubwa kuliko 1 ambayo vigawo vyake ni viwili tu, 1 na yenyewe. 7 ni tasa. 9 siyo, maana inagawanyika kwa 3. Namba 1 haihesabiwi.

2³¹ − 1 ni umbo gani hilo, na 31 imetoka wapi?

Namba zinazopatikana kwa kuchukua 2 kwa kipeo fulani kisha kutoa 1 huitwa namba za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa wa karne ya 17. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo alivyoamini vinatoa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Hadi 31 alikuwa sahihi kabisa. Baada ya hapo aliteleza: 67 na 257 hazitoi namba tasa, na aliziruka 61, 89 na 107.

31 haikuokotwa tu. Kipeo kisipokuwa tasa, namba yenyewe haiwezi kuwa tasa. Chukua 15, ambayo ni 3 × 5. Namba 2¹⁵ − 1 lazima igawanyike kwa 2³ − 1 = 7 na kwa 2⁵ − 1 = 31, na kweli 32,767 = 7 × 31 × 151. Kwa hiyo anayewinda namba tasa za aina hii anaanza kwa kuchagua kipeo tasa.

Basi kila kipeo tasa kinatoa namba tasa?

Hapana. Kipeo tasa kinafungua mlango tu. 2¹¹ − 1 = 2,047 = 23 × 89. 2²³ − 1 inagawanyika kwa 47. 2²⁹ − 1 = 233 × 1,103 × 2,089. Vipeo vinavyofanikiwa ni adimu: hadi kufika 31 ni vinane tu, nayo 31 ndiyo ya nane.

Nani alithibitisha kwamba ni tasa, na lini?

Mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler, mwaka 1772. Alikuwa akiishi St. Petersburg, na macho yake yalikuwa karibu yamezimika kabisa. Habari hiyo naipenda sana, kwa sababu inaonyesha ni kiasi gani cha kazi ile kilifanyika kichwani.

Kabla yake, Mwitalia Pietro Cataldi alikuwa ameshathibitisha mwaka 1588 kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa. Cataldi alidai pia kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vinatoa namba tasa. Mfaransa Pierre de Fermat alibomoa madai ya 23 na 37 mwaka 1640, Euler akabomoa ya 29. Ikabaki 31 peke yake, na hiyo ndiyo iliyosimama. Euler alipoithibitisha ikawa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana, ikaipita 6,700,417, ambayo pia ilitokana na kazi yake, alipovunja 2³² + 1 kuwa 641 × 6,700,417 mwaka 1732.

Aliwezaje bila mashine yoyote?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Njia ya kawaida ni kujaribu kugawanya kwa kila namba tasa hadi kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na ushee. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,700. Kwa mkono, hiyo ni kazi ya kumchosha mtu hadi akosee.

Euler alitazama umbo. Tuseme q ni namba tasa inayoigawanya 2³¹ − 1. Maana yake 2³¹ ukiigawanya kwa q inabaki 1. Sasa pitia vipeo vya 2 kimoja kimoja, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, ukiandika baki tu baada ya kugawanya kwa q. Kuna mahali baki litakuwa 1, na kuanzia hapo mabaki yatarudia mzunguko uleule. Kwa kuwa hatua ya 31 inatuacha kwenye 1, urefu wa mzunguko lazima uigawanye 31. Lakini 31 ni tasa, kwa hiyo urefu ni 1 au 31. Hauwezi kuwa 1, maana 2 haiwezi kubaki 1 ikigawanywa kwa q. Basi ni 31 kamili.

Fermat naye alishatambua kwamba 2 kwa kipeo cha q − 1 hubaki 1 daima ikigawanywa kwa namba tasa q iliyo witiri. Kwa hiyo mzunguko wa 31 unaingia sawasawa ndani ya q − 1, yaani 31 inaigawanya q − 1. Na kwa kuwa q − 1 ni shufwa, 62 inaigawanya pia. Kila kigawo tasa cha 2³¹ − 1 kina sura ya 62k + 1, k ikiwa namba nzima. Namba nyingi mno zimeshaondoka.

Kuna chujio la pili. 2³¹ inabaki 1, basi 2³² inabaki 2. Lakini 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Kwa hiyo, ukihesabu kwa mabaki ya q, 2 ni mraba wa namba fulani. Hali hiyo hutokea tu kwa namba tasa ambazo zikigawanywa kwa 8 hubaki 1 au 7. Unganisha masharti yote mawili na utapata kwamba q lazima iwe na sura ya 248k + 1 au 248k + 63.

Hesabu zote za sura hizo hadi 46,340 (bila 1 wala 63, ambazo hazina kazi hapa) utapata 372. Na ukiondoa zile ambazo zenyewe si tasa, kama 249 = 3 × 83 au 559 = 13 × 43, zinapungua sana tena. Ya kwanza ya kujaribu kweli ni 311:

2,147,483,647 = 311 × 6,905,092 + 35

Baki ni 35, kwa hiyo 311 siyo kigawo. Inayofuata ni 1,303, nayo inaacha baki 226. Kisha 1,489, inaacha 199. Unaendelea hivyo hivyo hadi mwisho, na hakuna inayoacha sifuri. Kazi ya siku chache kwa mtu makini, na uthibitisho wake hauna shaka yoyote.

Kuna njia fupi zaidi leo?

Ipo. Inaitwa jaribio la Lucas na Lehmer: Édouard Lucas aliliweka msingi katika miaka ya 1870, Derrick Henry Lehmer akalikamilisha karne ya 20. Anza na 4. Kila hatua, zidisha namba uliyo nayo kwa yenyewe, toa 2, kisha chukua baki baada ya kugawanya kwa namba ya Mersenne unayoipima. Kipeo kikiwa p (witiri), fanya hatua p − 2. Ukiishia na sifuri, namba ni tasa. Usipoishia na sifuri, si tasa. Hakuna hali ya katikati.

Jaribu kwa 2⁷ − 1 = 127, hatua tano:

4 → 14 → 67 → 42 → 111 → 0

Angalia hatua ya mwisho: 111 × 111 − 2 = 12,319, na 12,319 = 127 × 97 kamili. Kwa hiyo 127 ni tasa. Kwa namba yetu hatua ni 29 tu. Ukiwa na kikokotoo kinachobeba tarakimu 20 unaweza kuimaliza ukiwa umekaa mara moja.

Ona kwamba jaribio hili halitafuti kigawo chochote. Hata likikwambia namba si tasa, halikwambii inagawanyika kwa nini. Lucas mwenyewe alionyesha mwaka 1876 kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, lakini vigawo vyake, 193,707,721 na 761,838,257,287, havikujulikana hadi Frank Nelson Cole alipovitangaza mwaka 1903.

Nilipima kwa kanuni ya Fermat kwa kutumia 2, ikapita. Si inatosha?

Haitoshi, na kwa namba za Mersenne haina thamani kabisa. Kanuni inasema: kama n ni tasa, 2 kwa kipeo n − 1 itabaki 1. Shida ni kwamba kila namba ya sura 2ᵖ − 1 yenye p tasa hulipita jaribio hilo, iwe tasa au la. 2,047 inalipita vizuri kabisa, na tumeshaona ni 23 × 89. Sababu ni ule ule mzunguko wa mabaki: 2 hurudi kwenye 1 kila baada ya hatua p, na p daima inaigawanya 2ᵖ − 2. Tumia 3 badala ya 2 na jaribio litakuwa na meno, ingawa kwa umbo hili Lucas na Lehmer ndilo la kutegemea.

Programu yangu ya kutafuta namba tasa inakwama nikiipa 2,147,483,647. Kosa liko wapi?

Karibu kila mara liko kwenye sharti la mzunguko. Wengi huandika sharti la "endelea maadamu i × i haijazidi n", ambapo i ni kigawo kinachojaribiwa, nayo imehifadhiwa kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1. Fuata kinachotokea mwishoni. 46,340 × 46,340 = 2,147,395,600, bado ni chini ya n, mzunguko unaendelea. Kisha i inakuwa 46,341, na 46,341 × 46,341 = 2,147,488,281. Hiyo imepita uwezo wa biti 32 zenye alama (ya chanya au hasi), kwa hiyo katika lugha nyingi inageuka kuwa −2,147,479,015. Namba hasi ni ndogo kuliko n, sharti linaonekana bado linatimia, na programu haijui isimame wapi.

Dawa ni mojawapo kati ya hizi: tumia namba za biti 64, au andika sharti kwa kugawanya, yaani i isizidi n ÷ i. Mimi napendelea la pili, kwa sababu linabaki salama hata ukibadilisha aina ya namba baadaye.

Jingine la kuangalia: usiihifadhi namba hii katika desimali ya biti 32. Aina hiyo hubeba biti 24 tu za usahihi, kwa hiyo itaikadiria kuwa 2,147,483,648, na utaambiwa namba yako ni shufwa.

Kwa nini ndiyo kikomo cha namba za biti 32? Ni kwa sababu ni tasa?

Hapana, na hapa ndipo mkanganyiko ulipo. Biti 32 zenye alama hutenga nafasi moja kwa ajili ya chanya au hasi, zikabaki 31. Biti 31 zote zikiwa 1, jumla yake ni 2³¹ − 1. Hiyo ni habari ya umbo tu. Utasa umekutana nao kwa bahati.

Ushahidi ni vikomo vingine vya namba zenye alama. Biti 8: 127, tasa. Biti 16: 32,767, si tasa. Biti 32: tasa. Biti 64: 9,223,372,036,854,775,807, si tasa, inagawanyika hata kwa 7. Biti 128: 2¹²⁷ − 1, tasa.

Na lile tatizo la mwaka 2038?

Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Inayohifadhi hesabu hiyo katika biti 32 zenye alama itafikia 2,147,483,647 tarehe 19 Januari 2038, saa 9 usiku na dakika 14 na sekunde 7 kwa saa za UTC. Sekunde inayofuata itasomeka kama tarehe ya Desemba 1901. Tiba inajulikana, ni kuhamia biti 64, na mifumo mingi mikubwa imeshahama. Utasa wa namba hauhusiki hata kidogo.

Kuna mahali kompyuta inautumia utasa wake kweli?

Ndiyo, na ni pazuri: katika kutengeneza namba za nasibu, yaani zisizo na mpangilio unaoonekana.

Kanuni ni fupi. Chukua namba yoyote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646. Zidisha kwa 16,807. Gawanya kwa 2,147,483,647 na ubaki na baki. Baki hilo ndilo namba yako mpya, na pia ndiyo mwanzo wa hatua inayofuata. Ukianza na 1 utapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Lehmer, yuleyule wa jaribio la juu, ndiye aliyetoa wazo la aina hii. Kizidishi 16,807 kilipendekezwa mwaka 1969, na mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller wakakitetea kama kiwango cha chini ambacho kila jenereta, yaani kanuni ya kutengeneza namba za nasibu, inapaswa kukifikia. Waliacha pia kipimo cha kukagua programu yako: ukianza na 1, baada ya hatua 10,000 lazima uwe kwenye 1,043,618,065. Ukipata kingine, kuna kosa.

Kwa nini 16,807? Ni 7⁵, na 7 ndiyo namba ndogo kuliko zote ambayo vipeo vyake, ukihesabu kwa mabaki ya namba yetu, hupita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 kabla ya kurudi kwenye 1. Tofautisha na 2, ambayo tumeona inarudi baada ya hatua 31 tu. Ili 7⁵ nayo ipite zote, 5 isiwe kigawo cha urefu wa mzunguko. Urefu huo ni

2,147,483,646 = 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331

na 5 haimo. Kwa hiyo jenereta inatembelea kila namba mara moja tu kabla ya kujirudia. Kama kigawanyi kisingekuwa tasa, mzunguko kamili wa namna hiyo, kwa kuzidisha peke yake, usingewezekana.

Umbo nalo linachangia. Kwa kuwa 2³¹ inabaki 1, huhitaji kugawanya ili kupata baki. Unakata namba ndefu vipande viwili, biti 31 za chini na zile za juu, unavijumlisha, na kama jumla bado ni kubwa unarudia. Kazi ya kujumlisha ni nyepesi kuliko ya kugawanya katika mashine yoyote.

Tahadhari moja. Jenereta hii isitumike popote panapohitaji siri. Anayeona namba moja anajua zote zitakazofuata.

Ni namba tasa ya ngapi? Majirani zake ni nani?

Ni ya 105,097,565. Inayoitangulia ni 2,147,483,629, na inayoifuata ni 2,147,483,659. Pengo la 18 upande mmoja na 12 upande wa pili ni jambo la kawaida: katika eneo hilo namba tasa hutokea kwa wastani mara moja katika kila namba 21 hivi.

Haina pacha, yaani namba tasa nyingine inayotofautiana nayo kwa 2. Ukipunguza 2 unapata namba inayoishia na 5, na ukiongeza 2 unapata 2³¹ + 1, ambayo inagawanyika kwa 3. Hata hivyo matokeo ya mgawanyo huo, 715,827,883, nayo ni tasa.

Ukiizidisha kwa 2 na kuongeza 1 unapata 2³² − 1, na vigawo vyake ni vya kupendeza: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Hizo ndizo namba tasa zote za Fermat zinazojulikana (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, kisha ongeza 1), zimekusanyika mahali pamoja.

Inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba?

Si miwili, wala mitatu. Ikigawanywa kwa 8 inabaki 7, na namba yenye baki hilo haiwezi kuwa jumla ya miraba mitatu. Lakini Lagrange alithibitisha mwaka 1770 kwamba miraba minne inatosha kwa namba yoyote nzima, na hii hapa njia mojawapo:

46,339² + 425² + 10² + 1² = 2,147,483,647

Ihakiki mwenyewe: 2,147,302,921 + 180,625 + 100 + 1.

Inahusianaje na namba kamilifu?

Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, hujumlishwa vikatoa namba hiyohiyo. 6 = 1 + 2 + 3. Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya Mersenne huzaa moja, na Euler akathibitisha kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa hutoka huko. Ya kwetu inazaa ya nane:

2³⁰ × (2³¹ − 1) = 2,305,843,008,139,952,128

Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hiyo ingebaki kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa namba hizi ni za kutazama tu na hazina matumizi, hivyo hakuna atakayejisumbua kutafuta zaidi. Lucas alipoithibitisha 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, mwaka 1876, ubashiri huo ukaanguka.

Naweza kuitumia kulinda siri, kwa mfano katika RSA, mfumo wa kusimba ujumbe kwa namba tasa?

Hapana. Kwanza ni ndogo mno: namba tasa za RSA leo huwa na tarakimu zaidi ya 300. Pili, nguvu ya RSA iko katika namba tasa ambazo hakuna mwingine anayezijua, na hii inajulikana na kila mtu.

Lakini usidhani namba za Mersenne hazina nafasi katika usimbaji. Mojawapo ya mikunjo (michoro ya milinganyo inayotumika kusimba ujumbe) ya kiwango cha Marekani, P-521, imejengwa juu ya namba tasa 2⁵²¹ − 1. Huko namba tasa yenyewe si siri, ni uwanja wa kufanyia hesabu, na umbo la Mersenne limechaguliwa kwa sababu ileile ya kupata baki kwa kujumlisha.

Ikilinganishwa na namba tasa kubwa za leo, ikoje?

Ndogo sana. Oktoba 2024 mradi wa GIMPS, unaowinda namba tasa za Mersenne kwa kompyuta, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, ulitangaza kwamba Luke Durant amegundua 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ni namba tasa ya Mersenne pia, ya 52 kugunduliwa. Rekodi hukaa huku kwa sababu ya lile jaribio la Lucas na Lehmer: hakuna umbo jingine lenye jaribio la uhakika na jepesi kiasi hicho kwa ukubwa huo. Kama namba tasa za Mersenne zina mwisho au hazina, hakuna aliyethibitisha, ingawa Euclid alishathibitisha kwamba namba tasa kwa ujumla hazina mwisho.

Nimeona 31 nayo ni 2⁵ − 1. Je, tukiifanya namba yetu kuwa kipeo, 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647 kisha toa 1, tunapata namba tasa nyingine?

Umeona vizuri. 3 hutoa 7, 7 hutoa 127, 31 hutoa namba yetu, na 127 hutoa 2¹²⁷ − 1. Kwa kila namba tasa ya Mersenne kati ya hizo nne, ukiifanya kipeo unapata tasa nyingine, na mtu angeshawishika kudhani mtindo unaendelea daima. Unavunjika kwenye 2⁸¹⁹¹ − 1, ingawa 8,191 yenyewe ni namba tasa ya Mersenne.

Namba uliyoiuliza ingekuwa na tarakimu zaidi ya milioni 646, na si tasa. Kigawo chake kimoja kinajulikana: 295,257,526,626,031. Na ukikitazama kwa karibu utakuta kanuni ya Euler imekaa palepale. Alisema kigawo lazima kizidi kwa 1 namba inayogawanyika kwa mara mbili ya kipeo, na kweli

295,257,526,626,031 = 2 × 68,745 × 2,147,483,647 + 1

Sharti la pili nalo limetimia: kigawanye kwa 8, kinabaki 7. Anayetafuta vigawo vya namba hizi kubwa kwa kompyuta leo bado anachuja kwa masharti hayo mawili. Swali lililo wazi kwa sasa ni la ngazi inayofuata, yaani 2 kwa kipeo cha 2⁶¹ − 1, kisha toa 1. Ni kubwa mno kwa jaribio la Lucas na Lehmer, kwa hiyo njia iliyobaki ni kuwinda kigawo, k moja baada ya nyingine.